Tezi Nyuma ya Mfupa wa Kifua

Huku kwetu mtu hahitaji kusomea udaktari ili ajue CD4. Kwa miaka mingi neno hilo limetajwa kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye daladala, misibani, hata kwenye mahubiri. "CD4 zake zimeshuka," mtu akisema, hakuna anayeuliza maana yake. Mimi ni mtu wa maabara, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuzihesabu chembe hizo nyeupe za damu, chembe za kinga ambazo virusi vya UKIMWI huziharibu. Unapima mikrolita 50 za damu kutoka kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, unaziingiza kwenye kichupa kingine chenye kingamwili (protini za kinga zinazonata kwenye chembe hizo) zilizotiwa rangi ing'aayo, unatikisa, unakiweka gizani kwa saa nzima, kisha mashine inazihesabu moja moja zikipita mbele ya mwanga. Wagonjwa huniuliza zimepanda au zimeshuka. Karibu hakuna anayeniuliza zinatoka wapi.

Swali hilo nililetewa kwa mlango mwingine. Muuguzi wa kliniki ya watoto alinipigia simu kuhusu majibu ya mtoto wa miezi saba. Karatasi ilisema CD4 1,200 katika kila mikrolita ya damu. "Dada, huyu si yuko vizuri kabisa?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufurahi. Ingekuwa ni mtu mzima, ningemwambia ndiyo, tumshukuru Mungu. Lakini kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa wakati huo ulihesabu chini ya 1,500, au chini ya asilimia 25 ya limfosaiti zote (kundi la chembe nyeupe ambamo CD4 zimo), kuwa ni upungufu mkubwa wa kinga. Mtoto wa umri ule akiwa na afya, chembe hizo hupita 2,000 kwa urahisi, mara nyingi hufika 3,000. Kile ambacho kwa mama yake ni neema, kwake yeye kilikuwa hatari.

Kwa nini kichanga awe na nyingi kiasi hicho kuliko mzazi wake? Jibu liko kwenye picha ya eksirei. Chukua picha ya kifua cha mtoto mchanga uiinue kwenye mwanga: pembeni mwa moyo, mara nyingi upande wa kulia, utaona kivuli cha pembe tatu kilichotanda kama tanga la dau. Madaktari wa picha nao wanakiita tanga. Hicho ndicho thaimasi, tezi laini yenye ndewe mbili inayokaa nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Kwa mtoto ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na mwili wake. Kuanzia baada ya balehe inasinyaa kwa kasi, na nafasi yake inajazwa mafuta. Limfosaiti ziitwazo seli T, zikiwemo CD4 ninazohesabu, zote hupitia humo kabla ya kuingia kazini. Herufi T yenyewe imetokana na jina la tezi hiyo.

Ajabu ni kwamba hadi mwaka 1961 hakuna aliyeweza kusema kwa ushahidi kazi yake ni nini. Aliyeionyesha ni Jacques Miller, na kadiri ninavyosoma habari za utafiti wake ndivyo ninavyoona kwamba watu wa afya wa Afrika Mashariki tunapaswa kumjua mtu huyu kama tunavyomjua Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu.

Miller alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1931. Sehemu ya utoto wake aliishi Shanghai, baba yake alikokuwa akifanya kazi benki, na mwaka 1941 familia ikahamia Sydney, Australia. Kabla ya hapo dada yake mkubwa alikuwa amefariki kwa kifua kikuu, angali msichana. Baadaye Miller alisimulia kwamba alimsikia mama yake akizungumza na daktari, na daktari akikiri kwamba namna mwili unavyopambana na maambukizi haijulikani. Nyumba moja, hewa moja, mmoja anaugua hadi kufa na mwingine haugui. Kila aliyewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu ndani ya nyumba ya vyumba viwili anaijua hofu ya swali hilo. Miller alisomea udaktari Sydney, akafanya kazi hospitalini, na mwaka 1958 akasafiri kwenda London kutafuta shahada ya utafiti.

Wakati huo vitabu viliitaja thaimasi kwa mistari michache. Wataalamu walikuwa na sababu zao. Ukimkata tezi hiyo mnyama aliyekwisha kukua, haonyeshi tofauti. Ukimdunga kitu kigeni, wengu na mitoki hutengeneza kingamwili, ila thaimasi hukaa kimya. Na ukiikata vipande vyembamba ukaiweka chini ya darubini, unakuta imejaa limfosaiti zinazokufa. Kwa hiyo ikaitwa kaburi la limfosaiti, mabaki ya maumbile yasiyo na maana.

Kuna sura ya kale zaidi, nayo inaniumiza kila ninapoikumbuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari waliamini kwamba watoto waliokufa ghafla usingizini walikuwa na thaimasi kubwa mno iliyowaziba pumzi. Ukubwa wa "kawaida" waliupata wapi? Kwenye miili iliyopasuliwa vyuoni, na miili hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya maskini, watu waliokufa baada ya njaa na maradhi ya muda mrefu. Thaimasi husinyaa upesi sana mwili ukiwa na njaa, homa au dhiki. Kwa hiyo tezi iliyosinyaa ikafanywa kipimo cha uzima, na mtoto mwenye tezi nzima akaonekana mgonjwa. Huko Marekani maelfu ya watoto wasio na ugonjwa wowote walipigwa mionzi kifuani ili "kuipunguza", na miaka mingi baadaye baadhi yao wakapata saratani ya tezi ya shingo. Yote hayo kwa sababu hakuna aliyeuliza wale waliolala kwenye meza ya kupasulia waliishi vipi.

Turudi kwa Miller. Hakwenda Uingereza kuchunguza kinga. Alipewa kuchunguza saratani ya damu ya panya inayosababishwa na virusi vilivyogunduliwa na Ludwik Gross. Ilijulikana kwamba ugonjwa ule huanzia kwenye thaimasi, na kwamba panya akitolewa tezi akiwa na umri wa mwezi mmoja, haupati. Miller alifanya kazi yake katika kituo cha Pollards Wood, nje ya London, tawi la Taasisi ya Chester Beatty. Mahali penyewe palikuwa pa kawaida sana: kibanda kilichogeuzwa maabara, na panya wakafugwa kwenye zizi la zamani la farasi. Alitaka kujua kama virusi vinaweza kuzaliana mahali pengine pasipo thaimasi. Ili apate jibu ilimlazimu kuitoa tezi kabla ya kuwadunga panya virusi, na virusi vile hudungwa siku za mwanzo kabisa za maisha. Hivyo ikabidi awapasue panya wakiwa wametoka tumboni.

Kichanga cha panya kina uzito wa gramu moja au zaidi kidogo, ngozi ni nyekundu na nyembamba kiasi kwamba maziwa aliyonyonya yanaonekana tumboni. Moyo wake ni mdogo kuliko punje ya mchele, na tezi imekaa juu yake. Kumfungua kifua, kunyonya tezi nje bila kugusa moyo, kumfunga, kumpasha joto na kumrudisha kwa mama ambaye anaweza kumkataa au kumla: sijui ni wangapi kati yetu tungejaribu mara ya pili. Miller aliendelea hadi akapata panya wa kutosha waliopona.

Walikua vizuri hadi walipoachishwa kunyonya. Baada ya hapo wengi wakaanza kukonda, manyoya yakasimama, wakaharisha, wakafa. Walikufa waliodungwa virusi vya saratani na walikufa wasiodungwa. Mtafiti mwingine angewatupa akaandika kwamba upasuaji uliwashinda. Miller aliwapasua akaangalia. Damu na mitoki yao ilikuwa na limfosaiti chache mno, na maini ya baadhi yao yalikuwa na madonda yanayofanana na ya homa ya ini ya virusi. Akaliona jambo: hawa hawakufa kwa kisu, wamekufa kwa maambukizi ambayo panya wenzao wa zizi lile lile waliyavumilia bila shida.

Ili awe na hakika, aliwapandikiza ngozi ya panya wa ukoo mwingine. Mwili wenye kinga hukataa ngozi ngeni ndani ya wiki chache. Hawa waliikubali, wakaota mashada ya manyoya ya rangi isiyo yao mgongoni. Hata ngozi ya panya buku waliipokea. Akaandika katika jarida la The Lancet mwaka 1961 kwamba thaimasi ndiyo chimbuko la chembe zinazotupa kinga, na kwamba kazi hiyo huifanya mapema sana maishani. Karibu na wakati huo kundi la Robert Good huko Minnesota nalo lilikuwa likifikia mambo yanayokaribiana, na haki ni kuwataja.

Kisha akaenda Bethesda, Marekani, ambako palikuwa na panya waliofugwa bila kijidudu chochote. Aliwatoa thaimasi wakiwa vichanga, nao hawakukonda. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Panya asiye na seli T anaweza kuishi, mradi tu asikutane na vimelea. Huko zizini walikufa kwa sababu zizi ni kama dunia ilivyo. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama Pollards Wood ingekuwa maabara safi ya kung'aa. Panya wangenenepa, na pengine tezi ingeendelea kuitwa kaburi miaka mingine kadhaa.

Hakuaminiwa upesi. Peter Medawar, aliyekuwa na Nobel ya mwaka 1960 kwa kazi ya kinga hiyo hiyo, mwaka 1963 bado alikuwa akisema kwamba kuwepo kwa limfosaiti ndani ya thaimasi ni ajali ya maumbile isiyo na uzito mkubwa. Mwaka 1966 Miller alirudi Australia, kwenye Taasisi ya Walter and Eliza Hall mjini Melbourne, na huko yeye na mwanafunzi wake Graham Mitchell wakaonyesha kwamba limfosaiti ziko za aina mbili: zitokazo thaimasi hazitengenezi kingamwili, ila bila msaada wake zile za uboho haziwezi kuzitengeneza ipasavyo. Kila tunapomweleza mgonjwa kwamba CD4 ni "wasaidizi", tunarudia jambo lililopatikana Melbourne mwaka 1968. Tuzo ya Lasker alipewa mwaka 2019, pamoja na Max Cooper, aliyechunguza zile limfosaiti nyingine zinazotengeneza kingamwili. Kwangu mimi imechelewa mno.

Sasa kuhusu lile kaburi. Waliosema limfosaiti zinakufa humo waliona kweli; maana yake ndiyo waliyoikosa. Seli changa husafiri kutoka kwenye uboho hadi thaimasi bila kujua lolote. Humo kila moja inakata na kuunganisha vipande vya jeni zake ili kujitengenezea kipokezi chake, yaani mkono wa kushikia kijidudu, na vipande vinaungana kwa bahati, kila seli na kipokezi tofauti na cha jirani yake. Kwa njia hiyo mwili unapata vipokezi kwa ajili ya vijidudu ambavyo haujawahi kukutana navyo, hata vile ambavyo bado havijatokea duniani. Lakini bahati huzaa pia vipokezi visivyofaa na vipokezi vya kuua mwenye mwili.

Hivyo kuna mchujo. Wa kwanza ni wa kuona kama seli inaweza kuzitambua alama za mwili wake mwenyewe. Umuhimu wa alama hizo ulionekana Canberra mwaka 1974, pale Peter Doherty, daktari wa mifugo, na Rolf Zinkernagel walipoonyesha kwamba seli T huua seli yenye virusi iwapo tu virusi hivyo vimeonyeshwa pamoja na alama za ukoo wake. Ya ukoo mwingine, hata ikiwa na virusi vile vile, huiacha. Walipewa Nobel mwaka 1996. Seli ambayo kipokezi chake hakishiki alama hizo hata kidogo hufa kwa kukosa ishara ya kuishi. Mchujo wa pili ni wa kinyume: ikishika kwa nguvu mno vitu vya mwili wenyewe, huuawa. Na hapa pana jambo ambalo hadi leo linanisimamisha. Ndani ya thaimasi zipo seli zinazowasha jeni iitwayo AIRE, ambazo hutengeneza kidogo kidogo protini za viungo vingine vingi. Insulini, ambayo ni kazi ya kongosho, hutengenezwa pale kifuani kwa kiasi kidogo, ili tu seli T changa zioneshwe na zile zitakazoishambulia ziondolewe mapema. Watu waliozaliwa na AIRE mbovu hushambuliwa na kinga yao wenyewe kwenye tezi moja baada ya nyingine.

Katika kila seli 100 zinazoanza safari hiyo, zinazotoka ni chache sana, mbili hadi tano hivi. Zile maiti zilizojaa chini ya darubini ni zilizokataliwa.

Na wakati una maana yake. Miller alitoa tezi siku ya kwanza, panya wakafa kwa maambukizi. Watafiti wa Japani waliitoa siku ya tatu, na badala yake panya wakashambuliwa na kinga yao wenyewe. Shimon Sakaguchi alilifuata jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1995 akaonyesha kwamba kuna seli T zinazozuia nyingine zisivuke mpaka. Hizo hutoka thaimasi zikiwa zimechelewa kidogo, hivyo kisu cha siku ya tatu hukuta seli za kushambulia zimeshatoka na za kutuliza bado zimo. Nobel ya mwaka 2025 alipewa yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Kwa wagonjwa wetu, swali kubwa ni kama tezi ya mtu mzima bado inafanya kitu. Miller mwenyewe aliligusa mapema: panya aliyekwisha kukua akitolewa thaimasi kisha akapigwa mionzi inayomaliza limfosaiti zake, hawezi kuzirudisha. Maana yake tezi inabaki kuwa akiba ya siku ya msiba. Mwaka 1998 Daniel Douek na wenzake walipima alama za seli zilizotoka thaimasi karibuni, wakaona kwamba watu wazima bado wanazo, kwamba virusi vya UKIMWI huzipunguza, na kwamba wengi wakianza dawa za kufubaza virusi zinapanda tena. Hilo naliona kwenye karatasi zangu. Kijana aliyeanza dawa akiwa na 90 mara nyingi ndani ya miaka miwili amepita 400; mzee aliyeanza na 90 hiyo hiyo, anayemeza dawa bila kukosa hata siku moja, na virusi vyake havionekani, anabaki 220, 250. Wazee hao hujilaumu. Huja dirishani wakiwa na daftari la dawa wakitaka kunithibitishia kwamba hawajakosa. Nataka wajue, na nataka wanaowashauri wajue, kwamba dawa imefanya kazi yake; tezi ndiyo imezeeka.

Mwaka 2023 watafiti wa Boston walichapisha habari za watu wazima waliotolewa thaimasi wakati wa upasuaji wa kifua, wakawalinganisha na waliofanyiwa upasuaji bila kutolewa. Katika miaka mitano, waliotolewa walikufa asilimia 8.1, wenzao asilimia 2.8. Kwa vichanga wenye matatizo ya moyo madaktari wa upasuaji mara nyingi hulazimika kuiondoa yote au sehemu ili waufikie moyo, na moyo ukiziba hakuna mjadala. Lakini pale ambapo kipande kinaweza kubaki, kibaki.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni njaa. Utapiamlo mkali hunyausha thaimasi hata ibaki uzi tu, na ndiyo maana mtoto mwenye kwashakoo huuawa na surua au nimonia kabla ya njaa yenyewe kumuua. Katika vijiji vya Gambia, ambako kumbukumbu za vizazi na vifo zimetunzwa tangu mwaka 1949, ilionekana kwamba waliozaliwa msimu wa njaa hufa mapema kuliko waliozaliwa msimu wa mavuno, na tofauti hiyo hujitokeza wakiwa vijana na watu wazima, vifo vingi vikiwa vya maambukizi. Huko Guinea-Bissau kundi la Peter Aaby lilipima thaimasi za watoto kwa ultrasaundi na kuona kwamba wenye tezi ndogo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa. Na nchini Denmark, watoto wa miezi minne walionyonya maziwa ya mama pekee walikutwa na tezi kubwa zaidi ya wanaokunywa ya kopo.

Utafiti ninaoubeba kichwani kila ninapopita wodi ya lishe ulifanyika Cochabamba, Bolivia, miaka ya 1990. Watoto wenye utapiamlo mkali walilishwa na kupimwa uzito, na tezi zao zikapimwa kwa ultrasaundi. Uzito ulirudi baada ya karibu mwezi mmoja. Thaimasi ilihitaji kama miezi miwili, na walipoongezewa zinki ilirudi mapema zaidi. Kwenye wodi zetu mtoto huruhusiwa kwa uzito na kwa mkanda wa mkono unaosoma kijani. Mama anashukuru, anafunga mtoto mgongoni, anarudi nyumbani kwenye moshi na mbu na watu wanaokohoa, na mtoto huyo ndani ya kifua chake bado ana wiki kadhaa za kuijenga upya tezi yake. Hizo ndizo wiki ambazo ningependa mhudumu wa afya wa kijiji apewe jina lake, aende akamwone kila wiki, ahakikishe chanjo ya surua imekamilika, na kikohozi cha siku mbili kisisubiri siku ya kliniki.